Mlango wa Pili wa Nyumba ya Mawe

Hapa Ibra, Omani, nyumba yangu inaitwa nyumba ya Mngereza, na anayeiita hivyo hunitazama usoni aone kama nimeudhika. Siudhiki. Hakuna Mngereza aliyeweka jiwe pale. Nimeijenga mimi, kwa stashahada yangu na kwa mafundi niliowafundisha mwenyewe kupanga mawe, maana katika mkoa mzima wa Sharqiya sikumpata fundi kijana anayelijua jiwe. Wote wanajua bloku na jasi. Iko nje kidogo ya mji, upande wa mashamba ya mitende. Ni ndefu, haikwenda juu sana, rangi yake ni ile ile ya milima iliyo nyuma yake, na paa lake ni la mgongo. Jirani mmoja alipoliona paa lile aliniuliza, "Unangoja theluji, shekhe?" Nikamjibu kwamba nangoja watu wapate akili. Hakucheka.

Niliijenga na mlango mmoja wa kuingilia. Sasa ina miwili. Uchungu wangu uko hapo, baina ya mmoja na miwili, na nataka kuueleza mwenyewe kabla wengine hawajamaliza kuueleza kwa midomo yao.

Nilizaliwa Unguja. Baba alikufa nikiwa mdogo, na nilipoanza kujitegemea nilikwenda Uingereza nimevaa koti la kuazima. Sikupelekwa na serikali wala na mjomba. Niliosha sahani, nikabeba matofali, jioni nikasoma ujenzi, mpaka nikatoka na stashahada, na katika darasa letu hakuna aliyenipita kwa michoro. Wapo watakaosema najisifu. Najisifu, kwa sababu hakuna mwengine aliyejitokeza kunisifu.

Chuo kilikuwa katika mji mdogo wa kaskazini, kwenye vilima vya kondoo na mvua isiyochoka. Vyumba vya kupanga vilikuwa vimejaa kila nilipobisha mimi, na vilikuwa wazi tena nikishageuza mgongo. Mwalimu mmoja akanielekeza kwa bibi mjane mwenye shamba juu ya kilima, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza ukuta uliovimba. Nikapanda kwa miguu.

Nyumba ya bibi yule ilikuwa na umri wa karne kadhaa, na nadhani hakuna aliyewahi kuichora kabla ya kuijenga. Ilikuwa jengo moja refu chini ya paa moja. Upande wa juu wa mteremko walikaa watu, upande wa chini walikaa ng'ombe, ili uchafu wa ng'ombe uteremke usipande. Baina yao ulipita ujia uliokata nyumba kwa upana wake, na mlango ulikuwa hapo, kwenye ujia, mpana, chini ya linta ya jiwe moja zima. Mwenye shamba, mkewe, kibarua, padri, mgeni, na zamani hata ng'ombe wenyewe, wote waliingia kwa mlango huo. Ukishaingia, kulia ni zizi, kushoto ni jiko, na jiko ndilo lilikuwa nyumba. Moto ulikuwa hapo, chini ya boriti ya mwaloni iliyozidi unene wa kiuno cha mtu. Meza ilikuwa hapo, mbwa alikuwa hapo, na soksi zilianikwa hapo. Hapakuwa na chumba cha kumzuilia mtu.

Nilisimama mlangoni nikichuruzika maji. Kwetu Unguja mgeni hukaa barazani mpaka akaribishwe, na hata akikaribishwa haendi mbali. Basi nikangoja.

"Unangoja nini?" bibi aliniita kutoka ndani. "Joto linatoka. Ingia, ufunge."

"Nina matope."

"Na ng'ombe nao walikuwa nayo. Chai iko mezani."

Nimekaribishwa kwa mashairi na udi katika maisha yangu, lakini hakuna karibu iliyonikaa rohoni kama ile.

Nilikaa kwake mpaka nikamaliza masomo, na nyumba ile ilinifundisha mengi kuliko chuo. Tulipoufungua ukuta uliovimba niliona jinsi walivyojenga. Ukuta wa mawe wa zamani si ukuta mmoja. Ni kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, na katikati yake kifusi cha vijiwe na udongo. Zikiachwa hivyo kila mmoja utakwenda zake, mmoja ndani, mmoja nje, na nyumba itafunguka kama ganda la njugu. Kinachozishika ni mawe marefu ya kupitiliza, jiwe moja linaloanzia uso wa nje na kuishia uso wa ndani, moja hapa, moja kule, mpaka juu. Mtu aliyepita nje haoni kitu. Ataona ncha tu, kama jiwe jengine lolote. Nilijifunza kuunganisha mawe kwa chokaa, kwa sababu saruji huuziba ukuta na unyevu ukakosa pa kutokea. Nilijifunza kwa nini mawe bapa ya paa yalianza makubwa chini na kupungua kila yalivyopanda, kwa nini madirisha yalikuwa madogo na yamegawanywa kwa viguzo vya mawe, na kwa nini chumba cha maziwa kilitazama upande usiopata jua, na meza yake ilikuwa ya jiwe. Kila kitu kilikuwa na sababu, na hakuna kilichowekwa ili jirani akione.

Kisha nikarudi Omani. Ndivyo tunavyosema, kurudi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kufika.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, ndiye mkubwa wa jamaa zetu Ibra. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwamkia, mwanawe alinipokea nje akanipitisha mlango wa majlis. Nyumba za huku, chumba cha wageni wanaume kina mlango wake peke yake unaofungukia nje. Mgeni anakuja, anakaa, anakunywa kahawa, anaondoka, na hajui nyumba ina vyumba vingapi wala nani anaishi humo. Ni sitara ya wanawake, na mimi sina ugomvi na sitara. Lakini sikuwa mgeni. Nilikuwa mtoto wa ndugu yake. Nilikaa karibu na viatu, nikasema, "Shikamoo, ami."

Ami alifanya biashara Pemba ujanani mwake, na Kiswahili anakijua vizuri, lakini alikiweka kwa ajili ya kunitania tu.

"Marahaba, Mzinjibari wetu. Kiarabu kimeshakujia au bado kiko njiani?"

Majlis nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa mpya.

Miaka ikapita, nikaendelea kuingia kwa mlango ule ule. Wajukuu wa ami walizaliwa wakakua, wakawa wanapita ndani mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa pale pale na kikombe changu cha kahawa. Binti zake si halali yangu kuwaona, sawa. Lakini shangazi yangu, dada wa baba yangu tumbo moja, aliishi ndani ya nyumba ile, na kila nilipotaka kumwamkia aliletwa majlis akakaa ukingoni mwa mto wa kukalia dakika chache, kama watu waliokutana hospitali. Mpaka anakufa sikupata kujua alilala chumba gani.

Nami sikukaa bure. Nilifanya kazi serikalini Nizwa, nikikagua majengo, na wapo wakubwa wa mkoa wa Dakhiliya waliosimama kando huku mimi nikiwaonyesha kwa kidole ufa wasiotaka kuuona. Baadaye nikafungua kampuni yangu. Sikurithi hata tofali. Ilipofika zamu ya kujijengea mwenyewe, sikutaka kasri la nguzo na jasi kama la wenzangu. Nilijua ninachotaka tangu siku ile ya mvua.

Mke wangu amezaliwa Bujumbura na haogopi michoro. Aliutandaza mchoro wangu mezani, akaufuata kwa kidole.

"Mlango mmoja? Na wageni wanaume wapite wapi, kwenye dohani?"

"Wapite hapo hapo kama watu."

"Na mimi niko jikoni na kanga?"

"Utasikia hodi, utajitanda."

"Hodi za huku si hodi za kwetu, mume wangu. Huku mtu akibisha hodi ana wenzake kumi nyuma yake."

Nisieleweke vibaya. Mlango wa majlis sikuusahau. Niliukataa. Nilitaka iwepo nyumba moja katika mji huu ambayo mtu akiingia ameingia.

Basi nikaijenga. Upande wa juu jiko, na moto wake chini ya boriti, katikati ujia, upande wa chini, pale ambapo kwa bibi palikuwa zizi, nikaweka stoo ya vyombo vyangu vya kazi. Chini ya paa nikatia orofa ndogo ya vyumba vya kulala. Chumba cha baridi nikakielekeza kaskazini na kukitilia meza ya jiwe, na tende zangu hukaa humo hata kiangazi zisioze. Kuta zina unene ambao ukiufungua mlango asubuhi za joto unasikia ubaridi wa usiku bado umo ndani. Kweli, mke wangu ameweka mtungi wa gesi mahali pa moto na kulipachika jiko lake juu yake, lakini majira ya baridi huuondoa, na mimi nawasha magogo.

Marafiki walikuja kutoka Maskati na Sur, watu wetu wa Unguja, wakaingia kwa mlango ule wakicheka, wakakaa jikoni, wakala. Jamaa zangu wa damu hawakuingia hata mmoja. Walipokuwa na haja nami walisimamisha gari nje wakapiga honi, nami nikatoka nikazungumza nao dirishani mwa gari. Nikajiambia, siku yao itafika.

Ikafika. Binti yangu aliposwa na kijana wa ukoo wa hapa hapa Ibra, watu ambao hawajapata kutoka tangu mababu. Milka, yaani kufunga ndoa, hufanywa upande wa mwanamke, na mkubwa wa jamaa zetu ni ami. Bila yeye kukaa mbele hakuna shughuli. Nilifurahi kwa ajili ya binti yangu, na nilifurahi kwa ajili yangu. Ami yangu atapita mlango wangu. Sikutaka kitu chengine kwake, wala sitaki.

Alikuja asubuhi moja kuona mahali. Aliteremka garini taratibu, akaja mpaka kizingitini, akasimama na bakora yake.

"Karibu, ami. Pita."

"Nipite wapi?"

"Hapo hapo."

Aliutazama ujia. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na mke wangu alisikika akigombana na sufuria.

"Humo mna watu," alisema.

"Mna wenyewe, ami. Ni nyumba."

"Na wale wanaume nitakaokuja nao niwapitishe baina ya vyungu?"

"Siku hiyo wanawake watakuwa juu. Hakuna atakayemuona mtu."

"Mwana wa ndugu yangu, mtu aliyekuja kuoa hataki kuujua ujia wako. Anataka aonyeshwe mahali pake akae." Akaigonga linta kwa bakora. "Jiwe zuri. Umetuletea Wangereza mpaka Ibra, alhamdulillahi. Sasa tutafutie mlango wa Waislamu."

Wanawe waliokuwa wakingoja kwenye gari wakacheka.

"Na nisipoutafuta?"

"Milka itakuwa kwangu. Majlis yangu ina mlango. Unaujua."

Akageuka. Hakutia hata mguu mmoja ndani.

Nilisema sivunji. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama jikoni, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko haja. Binti yangu, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha shule, alikuja akakaa mbele yangu.

"Baba, nikiolewa kwa ami yako watasema mimi sina kwetu. Mama mkwe ataisema hiyo kila siku, wallahi, mpaka nizeeke."

"Kwenu ni hapa. Waje hapa."

"Hawaji, baba. Wewe unajua hawaji. Toboa mlango ingine, khalas."

"Ukuta huu una mpango wake, mama. Hautobolewi tu."

"Mimi sisemi juu ya ukuta. Mimi nataka nitoke kwetu."

Mke wangu ndiye aliyejibu, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria yake.

"Si wawekwe kule stoo? Kwa bibi yako wa Uingereza kule ndiko walikokaa nani?"

"Ng'ombe."

"Basi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Wape zizi! Waingie kwa mlango wao, wakae zizini na kanzu zao na vilemba vyao!"

Binti yangu naye akacheka, na mwisho mimi pia. Kwa siku moja kicheko kile kilinitosha.

Nikautoboa ukuta wa stoo. Kazi ile naijua, na niseme wazi kwamba mlango ule ni kazi safi kuliko milango yote iliyofunguliwa katika ukuta wa mawe kwenye wilaya hii. Kwanza unapitisha maboriti juu ya mahali pa mlango, kutoka nje mpaka ndani, na kuyaegemeza kwa jeki pande zote mbili, ili ukuta wa juu ukae hewani bila kujua. Kisha unatoa mawe kutoka juu kuteremka, kwa mkono, ukiyapanga chini kwa zamu. Jiwe moja la kupitiliza lilikuwa katikati kabisa ya uwazi. Nililiweka mwenyewe miaka ile, nililichagua kwenye wadi, bonde la mto mkavu, na tulilibeba watu wanne. Mafundi walitaka kulikata, nikawaambia watoke. Nililikata mimi. Lilipokatika lilitoa mlio mdogo tu, na kifusi kikamwagika miguuni pangu. Nikatia linta, nikajenga pembe upya kwa chokaa, timazi na pimamaji vikakubali. Stoo ikawa majlis: nikapiga lipu, nikatandika mazulia, nikapanga mito. Katika ukuta wa upande wa ujia paliachwa mlango wa ndani, wa kuletea kahawa.

Siku ya milka ilikuwa ya baridi. Jikoni niliondoa mtungi wa gesi tangu asubuhi nikawasha magogo makubwa. Wanawake walikuwa juu. Ule mlango wa ndani wa majlis niliuacha wazi kwa makusudi, na mlango wa jiko mkabala wake niliuacha wazi pia, ili mtu akikaa majlis aone, kupitia ujia, moto ukiwaka chini ya boriti. Nilijua mtu akiuona moto ule atauliza. Akiuliza nitasimama nimwongoze. Nilikuwa nimeshapanga nitaanza na kipi: boriti kwanza, kisha kuta, kisha chumba cha tende.

Walikuja, vilemba na bakora na majambia, wakaingia kwa mlango mpya. Hakuna aliyeutazama. Ami alikaa mbele, mimi nikakaa kando yake, na hilo pekee ni jambo ambalo halikuwahi kutokea. Shekhe alifungisha ndoa. Halwa ikazunguka, kahawa ikazunguka. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisifu ubaridi wa chumba. Kisha mwengine, mtu wa makamo, akainama mbele kidogo akachungulia mlango wa ndani.

"Kule kuna moto?" aliuliza.

Nikaanza kunyanyuka. Ami aliniwekea mkono juu ya goti. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wageni wasielewe:

"Funga, mwanangu. Usituaibishe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nilisimama, nikaenda nikaufunga mlango wa ndani, nikarudi nikakaa. Yule mtu wa makamo alichukua kipande chengine cha halwa. Wakazungumza bei ya mbuzi Nizwa na mvua iliyopiga mji wa Adam, wakajifukiza udi, wakasimama, wakaenda. Mji mzima sasa unasema wamekuja kwangu, na ami anasema hivyo hivyo, kwa furaha, kila akitajiwa. Binti yangu hawezi kuambiwa hana kwao. Hilo limepatikana, nami silijutii.

Sasa huja siku za Ijumaa, yeye na mumewe. Kijana ni mwema, mwenye adabu, ana kazi nzuri. Wanateremka kutoka gari moja na wanaachana ukutani kwangu: yeye anapita mlango wa mbele kwa mama yake, mumewe anazunguka upande wa chini, anavua viatu, anaingia majlis, anakaa. Hakuna kinachomzuia. Mke wangu ni mama mkwe wake, si haramu kumuona, na hakuna mwanamke mwengine ndani. Ijumaa ya kwanza nilimfuata.

"Mwanangu, wewe si mgeni tena. Njoo huku jikoni, wote wako huku."

Aliinuka kwa heshima, akaweka mkono kifuani, akaniita ami kama baba mkwe aitwavyo huku.

"Hapa panatosha, ami. Msijisumbue."

Akakaa tena. Kutoka jikoni walisikika mke wangu na binti yangu wakicheka juu ya kitu ambacho sikukipata. Nilichukua birika la kahawa kwenye ujia, nikaingia, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikakaa naye.